Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: vijana wa kriketi Mombasa, ziara za maendeleo na njia ya timu ya taifa

Kila inaposikika kwamba timu ya vijana inakuja Pwani, au kwamba vijana wetu wamealikwa bara kucheza, simu yangu haitulii. Mzazi wa Kisauni anauliza hili, kijana wa Majengo anauliza lile, na mwisho wa siku naona ni maswali yale yale. Mimi ni mweka alama. Nimekaa kwenye meza ya alama pembeni mwa viwanja vya Mombasa kwa miaka mingi, na kutoka pale mtu huona vizuri nani anateuliwa, nani anaachwa na kwa sababu gani. Majibu yangu ni haya.

Ziara ya maendeleo ni kitu gani hasa?

Ni mfululizo wa mechi ambazo hazina kombe kubwa mwishoni. Kikosi huwa cha wachezaji waliofika mlangoni mwa timu ya taifa lakini hawajaingia: waliotoka timu ya chini ya miaka 19, waliong'ara kwenye ligi msimu mmoja au miwili, na pengine mkubwa mmoja anayerudi baada ya jeraha. Walimu na wateuzi wanataka kujua jambo moja tu: kazi anayoifanya kijana huyu vizuri kwao, ataweza kuifanya ugenini, kwenye uwanja asioujua, mbele ya watu wasiomjua?

Kwa hiyo kushinda mechi ni jambo zuri, lakini si hilo linaloandikwa kwenye daftari la mteuzi.

Kwa nini ziara hizi zimekuwa na uzito kuliko zamani?

Kwa sababu nafasi za kuonekana zimepungua. Kenya ilikuwa na hadhi ya kucheza mechi za kimataifa za siku moja, ikaipoteza mwaka 2014 baada ya michuano ya kufuzu Kombe la Dunia kule New Zealand. Zamani mchezaji mpya angeweza kujaribiwa kwenye mechi ya tatu ya mfululizo dhidi ya timu ngeni. Hapa hapa Mombasa Sports Club tuliwapokea Bermuda Novemba 2006, na Januari 2007 wakaja Scotland na Canada. Vijana walikaa ukutani wakitazama wachezaji waliokuwa wakijiandaa kwenda Kombe la Dunia la West Indies.

Siku hizi timu ya wakubwa hucheza zaidi mechi za ova 20 (ova moja ni mipira sita ya mrushaji mmoja) katika michuano ya kufuzu, na kila mechi ni ya kufa na kupona. Hakuna kocha anayempa mgeni kofia ya taifa siku kama hiyo bila kumwona kwanza mahali pengine. Mahali penyewe ndiyo ziara ya maendeleo.

Ligi kubwa iko Nairobi. Kijana wa Pwani ana nafasi kweli?

Anayo, ila sitamdanganya mtu kwamba njia zinalingana. Vilabu vingi vyenye nguvu viko Nairobi na wateuzi wengi wanaishi huko. Kijana wa Nairobi anaweza kuonekana Jumamosi kumi na mbili kwa mwaka, wetu akaonekana mbili. Hilo ni dhuluma ya jiografia, na linaniuma. Mwaka mmoja ujumbe wa majaribio ulitufikia jioni, majaribio yenyewe yakiwa kesho yake asubuhi, kilomita karibu 480 kutoka hapa. Vijana watatu walipanda basi la usiku, wakafika macho mekundu, wakatakiwa kurusha mpira saa tatu asubuhi. Hakuna aliyechaguliwa.

Hata hivyo, anayeniuliza kama Mmombasa anaweza kufika namtajia jina moja: Aasif Karim. Alizaliwa hapa Mombasa, akaiongoza Kenya kama nahodha kwenye Kombe la Dunia la 1999, tena ni mtu aliyeiwakilisha nchi hata kwenye tenisi ya Davis Cup. Baada ya 1999 alikuwa amestaafu. Akaombwa arudi kwa Kombe la 2003, umri wake miaka 39, na tarehe 15 Machi kule Durban akakabidhiwa mpira dhidi ya Australia, mabingwa wa dunia. Kenya ilikuwa imepata mikimbio, yaani pointi za kriketi, 174 tu. Karim akarusha ova 8 na mipira 2, ova 6 kati ya hizo bila mkimbio hata mmoja, akatoa mikimbio 7 na kuchukua wiketi 3, yaani akawatoa wapigaji watatu, nahodha wao Ricky Ponting akiwamo. Australia walishinda, lakini mchezaji bora wa mechi alikuwa yeye, siku ambayo Brett Lee wa Australia alichukua wiketi tatu kwa mipira mitatu mfululizo. Mwanawe, Irfan Karim, naye akaja kuichezea Kenya.

Namtaja kwa sababu ya namna alivyofanya. Karim hakuwa na kasi, wala hakuurusha mpira wa maajabu. Alijua pa kuuweka, akauweka pale pale.

Wateuzi wanatazama nini?

Hili ndilo swali kubwa, nami nitalijibu kwa nilichokiona.

Kulikuwa na kijana wa Majengo, mrushaji wa spini, yaani wa mpira wa polepole unaozunguka, wa mkono wa kushoto, miaka 17. Siku ya mechi ya ziara, Kusi inavuma kweli kweli, nahodha akampa mpira upande ambao upepo unambeba mpigaji. Ova yake ya kwanza: sita, moja, sita, hakuna, moja, hakuna. Mikimbio 14. Wenzake wakainamisha vichwa. Mimi nikaandika, nikajua sasa ataanza kuurusha kwa haraka na bapa, kama wafanyavyo vijana wengi wakishapigwa.

Hakufanya hivyo. Alimwendea nahodha, akamrudisha mtu mmoja mpakani, akaja na mwendo ule ule, mpira ule ule wa kupanda juu kidogo. Ova ya pili ilitoa mikimbio miwili. Ya tatu ilitoa mmoja na wiketi, mpigaji akiwa amedakwa pale pale alipowekwa yule mtu wa mpakani.

Mechi ilipokwisha mteuzi alikuja mezani kwangu, akaniomba kitabu cha alama. Nilidhani anatafuta wiketi. Akaweka kidole kwenye ova ya pili, akahesabu vitone, yaani alama za mipira isiyotoa mkimbio, akafunga kitabu.

Kwa hiyo mzazi ukiniambia mwanao alipata mikimbio 60 na hakuchaguliwa, nitakuuliza: alizipata lini? Alipata 60 wakati timu inahitaji 60, au alizipata wapinzani wameshachoka na warushaji wa akiba ndio wanaorusha? Alikimbia mikimbio ya mwenzake kwa nguvu kama alivyokimbia yake? Alipotoka, alikwenda kukaa na simu au alivaa viatu akaenda kuwapelekea wenzake maji?

Halafu kuna udakaji na ulinzi wa mpakani, ambao vijana wetu wanaudharau sana. Kwenye mechi ya ova 20 kila timu ina mipira 120. Mlinzi mmoja anayezuia mipigo miwili ya mikimbio minne na kudaka mpira mmoja mgumu amefanya kazi ya mpigaji. Wateuzi wanajua hivyo. Kati ya vijana wawili wanaolingana kwa bati, nimeona mara nyingi anayekwenda ni yule anayeruka.

Timu inatafuta mchezaji bora au mchezaji wa kazi fulani?

Wa kazi fulani. Watu wengi hawalielewi hili, ndiyo maana wanahisi wameonewa. Kama timu ya taifa tayari ina warushaji watatu wa spini, wewe wa nne unaweza kuwa mzuri na ukabaki nyumbani, huku mrushaji wa kasi wa mkono wa kushoto aliye chini yako akaitwa. Uliza mapema kwa unyenyekevu: "Kocha, timu inakosa nini?" Mlinda wiketi anayeweza kupiga katika ova sita za kwanza, wakati walinzi wawili tu wanaruhusiwa nje ya duara lililochorwa uwanjani, hutafutwa kila mahali. Vile vile mtu wa kurusha ova mbili za mwisho bila kutetemeka.

Nimepewa mechi moja, nikatolewa bila mkimbio hata mmoja. Nimekwisha?

Hapana. Mpira mzuri humtoa yeyote. Tatizo ni kama umetoka kwa kosa lile lile ambalo uliambiwa ulirekebishe kwenye neti ya mazoezi mwezi uliopita. Nenda kwa kocha wa ziara kabla ya usingizi wa siku ile, mwambie umeona nini, muulize yeye ameona nini. Kijana anayejieleza bila visingizio hukumbukwa.

Hali ya hewa ya Mombasa na ya Nairobi inabadilisha mchezo kiasi gani?

Sana, na hapa vijana wetu hupotezwa na mambo ambayo wangeyajua mapema. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi. Mpira ukipigwa unakwenda mbali zaidi, na ukirushwa unapinda hewani kidogo kuliko unavyopinda huku kwetu. Mrushaji wa Mombasa aliyezoea mpira kuingia ndani wenyewe anafika Nairobi anaona unakwenda moja kwa moja, anapata hofu, anaanza kutafuta kasi asiyokuwa nayo. Ni hewa tu, mwanangu. Lenga mpira udunde mahali pazuri, badilisha mwendo wa mpira, na mlinzi wako wa mpakani mrudishe hatua mbili nyuma kuliko nyumbani.

Wa bara wanaoshuka kwetu nao wana taabu yao. Jua la Kaskazi, kati ya Desemba na Machi, pamoja na unyevu wa hewa, huwamaliza kufikia ova ya kumi na mbili. Jasho linafanya glavu ziteleze. Kijana wetu anayejua kunywa maji kidogo kidogo tangu usiku wa kuamkia mechi, na kubadilisha glavu bila kungoja zilowe, ana faida kubwa nyumbani. Aitumie. Msimu wa Kusi faida ni upepo: jifunze kurusha pande zote mbili za uwanja, maana nahodha mgeni hatakuuliza unapenda upande gani.

Mechi ni za ova 20. Niache kucheza kwa subira nijifunze kupiga sita tu?

Usiache. Angalia majirani. Uganda walifuzu Kombe la Dunia la ova 20 la 2024 baada ya kuifunga Zimbabwe kwenye michuano ya kufuzu Windhoek mwaka 2023. Walipoishinda Papua New Guinea kule Guyana, kazi kubwa ilifanywa na Frank Nsubuga, mrushaji wa spini mwenye miaka 43: ova 4, mikimbio 4, wiketi 2. Hayo ni mashindano ya sita na fataki, na aliyewasukuma mbele ni mzee aliyenyima watu mikimbio.

Tanzania nao walifuzu kwa mara ya kwanza Kombe la Dunia la chini ya miaka 19 la 2026, lililopangwa Zimbabwe na Namibia. Wakati mwingine nawaambia vijana wa Mombasa: Tanga si mbali. Wenzenu wa pale wanaongea Kiswahili hiki hiki na wamefika.

Mwanangu ni mrushaji wa kasi. Arushe ova ngapi?

Chache kuliko anavyotaka. Mgongo wa kijana anayekua huvunjika taratibu, ufa mdogo kwenye mfupa wa chini wa mgongo, na anayeona ni "kuchoka tu" huja kukaa nje mwaka mzima. Mwongozo wa bodi ya kriketi ya Uingereza kwa walio chini ya miaka 19 ni ova 7 mfululizo na 18 kwa siku, basi. Huku kwetu nimeona kijana akirusha shuleni asubuhi, klabuni mchana, na mtaani jioni kwa mpira wa tenisi uliozungushwa tepu. Nahodha wa klabu hahesabu ova za mtaani. Mzazi, zihesabu wewe. Wiki moja kabla ya ziara, apunguze.

Mtaani anasifiwa kwa kasi, lakini klabuni wanasema anatupa. Maana yake nini?

Maana yake anakunjua kiwiko anaporusha. Sheria ya kimataifa inaruhusu kiwiko kinyooke kwa nyuzi zisizozidi 15. Kriketi ya tepu vichochoroni, pasipo nafasi ya kukimbia, inazaa tabia hii kwa sababu kijana anatafuta kasi kwa mkono pekee. Rekebisha sasa, kabla ya ziara. Ukiripotiwa ukiwa na jezi ya timu, safari ya kurudi ni ndefu. Mwombe mtu akupige video kwa simu kutoka pembeni na kutoka nyuma, mpelekee kocha aitazame polepole.

Wasichana nao wana njia?

Wanayo, na mimi ningesema ipo wazi kuliko ya wavulana kwa sababu waliojitokeza ni wachache. Tangu Julai 2018 mechi za ova 20 kati ya timu za wanawake za wanachama wote wa Baraza la Kimataifa la Kriketi (ICC) zinahesabiwa rasmi kuwa za kimataifa, kwa hiyo msichana akiichezea Kenya jina lake linaingia kwenye rekodi za dunia. Wasichana wa Rwanda wa chini ya miaka 19 walikwenda Kombe la Dunia la Afrika Kusini Januari 2023, wakaifunga Zimbabwe, kisha West Indies.

Mpira wao ni mwepesi, gramu 140 hadi 151, wakati wa wanaume ni kama 156 hadi 163. Msichana afanye mazoezi na mpira wake. Nimeona wengi wakipewa mpira uliobaki wa wavulana, wakija kwenye majaribio hawajui vidole vikae wapi. Na kwa mama anayeniuliza kuhusu stara: suruali ndefu na mikono mirefu ni mavazi ya kawaida ya mchezo huu, na hijabu ya michezo haimzuii mtu kuvaa helmeti.

Ziara ikiangukia Ramadhani?

Mwambie kocha mapema kwamba unafunga. Usimfiche, halafu ukaonekana mzito uwanjani na mtu akaandika kwamba huna pumzi. Walimu wengi wa Pwani wanaelewa na watapanga mazoezi baada ya alasiri au usiku. Uamuzi wa siku ya safari na mechi ni wako, na mwalimu wako wa dini ndiye wa kumuuliza, si mimi.

Na mtihani wa kidato cha nne?

Mtihani kwanza. KCSE huanguka mwishoni mwa mwaka, na ratiba yake haimngoji mtu. Mteuzi mwenye busara hatamfuta kijana kwa sababu alibaki kufanya mtihani, mradi barua ya shule ifike kabla ya kikosi kutangazwa.

Nani anaruhusiwa kuichezea Kenya, na karatasi gani zinatakiwa?

Kwa kanuni za kimataifa, anayezaliwa nchini, au mwenye uraia na pasipoti yake, au aliyeishi nchini miaka mitatu mfululizo kabla ya mechi. Kwa timu za umri, cheti cha kuzaliwa kinakaguliwa kwa makini, na tarehe ya kuhesabia umri hutangazwa na waandaaji wa michuano. Usiguse umri wa mtoto.

Pasipoti ombeni sasa hivi kupitia eCitizen, hata kama hakuna safari. Aliye chini ya miaka 18 anahitaji idhini ya mzazi, na pale ndipo mambo hukwama: baba yuko baharini, mama hana nakala ya kitambulisho chake, kikosi kinaondoka Ijumaa.

Tumeambiwa tutoe pesa ili mtoto aingie kikosini. Ni kawaida?

Nauli, chakula na sare, familia au klabu huchangia mara nyingi, na hayo huandikwa wazi na kutolewa risiti. Pesa ya kununua nafasi si kawaida na si halali. Atakayekuomba, mkatalie na uwaarifu viongozi wa kriketi wa Pwani siku hiyo hiyo. Klabu zetu zina watu wazima wanaoheshimika. Waulize kabla ya kutuma chochote kwa simu.

Hatuna uwezo wa vifaa kamili.

Bati nzuri ya kuazima ni bora kuliko bati mpya mbaya. Vitu viwili tu usiazime: kinga ya sehemu za siri, na viatu. Pedi, glavu na helmeti klabu nyingi za Mombasa huwa nazo za pamoja. Helmeti iangalie kama inakukaa. Ikizunguka kichwani, mpira ukija usoni haitakusaidia.

Kikosi kimesomwa, jina langu halimo. Nifanye nini?

Kaa kimya siku moja. Usiandike chochote kwenye makundi ya WhatsApp, na mzazi asiandike pia. Kisha muombe kocha akupe sababu mbili, uziandike. Akikuambia "endelea kujitahidi", muulize tena kwa adabu: nijitahidi katika nini?

Yule kijana wa Majengo hakuchaguliwa mara ile. Kulikuwa na spina mwingine wa mkono wa kushoto, mkubwa wake kwa miaka minne. Jumapili asubuhi alikuja nyumbani kwangu, mke wangu akamtengea mahamri na mbaazi, akala kidogo tu. Kisha akaniambia, "Ami, nakuomba picha ya ule ukurasa." Nikamfungulia kitabu. Alipiga picha ova ya kwanza, ile ya mikimbio 14, akauliza ule mpira wa tatu nilikuwa nimeuona umeanguka wapi.